Ndege Wanakula kwa Nani? Ulezi, Nzige na Wageni wa Masika Ufipa

Usiku wa Juni na Julai, hewa ya Sumbawanga hukaribia nyuzi 10 za Selsiasi, na kuna usiku hushuka zaidi. Mji uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi, na upepo wa kipupwe huwatoa watu na makoti mazito ambayo jamaa zao wa Kigoma wakiyaona huwa hawana mbavu. Lakini katika baridi hiyo ndege wa Ufipa hawana shida. Ndiyo miezi yao ya kunenepa. Ulezi umekatwa, mahindi yamevunwa, punje zimemwagika njia nzima kutoka shambani hadi uani. Njaa ya ndege walao nafaka huja baadaye, mvua za Novemba zinapoanguka na mbegu zote zilizosalia ardhini kuota kwa pamoja. Hapo majani yanachipua kila upande na mwanadamu anasema neema imeingia, kumbe kwa chiriku na kwelea ghala limefungwa hadi nyasi mpya zitakapozaa.

Ulaya mambo yamekaa kinyume. Huko baridi ndiyo njaa: theluji hufunika mbegu, barafu hufunga maji, wadudu hutoweka, na mchana unakuwa mfupi hivi kwamba ndege mdogo hapati saa za kutosha kutafuta chakula cha kumvusha usiku mmoja. Kutokana na hali hiyo ikazaliwa desturi ya kuwawekea ndege wa porini chakula nje ya nyumba. Wengi wanaidhani ya kale, na si ya kale hivyo. Mwaka 1825 Mwingereza John Freeman Dovaston alijitengenezea kifaa cha kuwalishia ndege nje ya dirisha lake. Watu wa kawaida waliingia kwa wingi katika baridi kali ya 1890 hadi 1891, magazeti ya Uingereza yalipowahimiza wasomaji wawatupie ndege mabaki ya chakula. Kufikia 1910 jarida la Punch liliweza kuandika kwamba kulisha ndege ni burudani ya taifa zima. Ujerumani alikuwepo Baron Hans von Berlepsch, aliyeifanya kazi hiyo kuwa karibu elimu kamili: viota vya mbao vya kutundika, vichaka vya kupandwa kwa vipimo, chakula kilichochanganywa na mafuta na kumiminwa juu ya matawi.

Kisha vita vikaja, na vita vina namna yake ya kuonyesha kipi ni anasa. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilitoa amri dhidi ya upotevu wa chakula, na wapo waliofikishwa mahakamani wakatozwa faini kwa kuwatupia ndege mkate. Amani iliporudi desturi ilirudi nayo, safari hii ikiwa biashara. Leo mifuko ya chakula cha ndege inayouzwa Ulaya ina alizeti, karanga, uwele, na mbegu ndogo nyeusi za nug ambazo nyumbani kwao ni nyanda za juu za Ethiopia, ambako watu huzikamua mafuta ya kupikia.

Mkulima wa Nkasi, Ufipa, akisimuliwa haya atauliza kama anataniwa. Amekulia mahali ambapo ndege hawakuhitaji mwaliko.

Nyanda za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya nyasi. Miti ni michache juu kabisa, mifugo zamani haikuwa mingi, na Wafipa walilitatua tatizo la mbolea kwa jembe: mwisho wa mvua nyasi hukatwa, hukusanywa na kufukiwa ndani ya matuta ya duara, yale wanayoyaita intumba, zioze humo. Maharage au mazao mengine hupandwa juu ya tuta. Msimu unaofuata tuta husambazwa, na juu ya udongo huo uliopata rutuba hupandwa ulezi. Mwaka 1880 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyepita hapa akielekea Rukwa, aliwaona Wafipa kuwa ni watu wa kilimo hasa. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Roy Willis aliishi nao akaandika juu ya dola zao mbili, Nkansi na Lyangalile. Dola hizo zilisimama juu ya ulezi. Ulezi ndio ulikuwa ugali, ndio pombe, na pombe ndiyo iliyowaita majirani kuja kulima pamoja.

Ulezi ni zao la Afrika Mashariki kwa asili, lililoanza kulimwa katika nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda. Una sifa moja ambayo mahindi hayataipata kamwe: punje yake ni ndogo mno kwa fukusi kuishi ndani, hivyo ukikaushwa vizuri unakaa ghalani miaka mingi bila dawa. Udogo huohuo ndio balaa lake ukiwa bado shambani. Punje ya ulezi inaingia vizuri katika mdomo wa chiriku, wa mnana, wa kwelea, wa tetere. Haina ganda la kuikinga. Shuke limekaa wazi juu ya bua, na bua linambeba ndege mdogo bila kuvunjika.

Kwa hiyo katika wiki za mwisho kabla ya mavuno kazi kubwa ya shamba ilikuwa kuwinga ndege. Dungu lilisimamishwa katikati ya shamba, na juu yake akakaa mtoto, mara nyingi wa miaka 7 hadi 12, na kombeo, na kopo la kugonga, na sauti yake. Anaamka kabla ya jua kwa sababu ndege hula zaidi asubuhi na mapema, anapumzika jua la mchana linapowapeleka kivulini, anarudi alasiri hadi giza. Umande wa Ufipa mwezi wa Mei si wa kuchezewa, na mtoto huyo hakuwa na viatu. Hata uani kazi haikuisha. Mama alipoanika kimea cha pombe kwenye mkeka aliweka fimbo mkononi, na kuku wake na shomoro wa paa wakashindana naye siku nzima.

Hiyo ndiyo historia ya kuwalisha ndege Ufipa, na sioni sababu ya kuiandika kwa jina jingine. Sehemu ya kila shamba ilienda kwa ndege, na kila mkulima alilijua hilo tangu alipokuwa anatawanya mbegu. Tofauti na Ulaya ni kwamba huku hakuna aliyepongezwa kwa ukarimu.

Yuko ndege mmoja tu ambaye katika sehemu hizi za Afrika amewekewa chakula kwa makusudi na tangu zamani. Ni mlembe, ndege wa asali. Anaishi katika misitu ya miombo inayoteremka kutoka nyanda za juu kuelekea Rukwa na Katavi, nchi ya warina asali. Mlembe huja kwa mtu, hupiga kelele, huruka kutoka mti hadi mti akimwongoza mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mtu hutoa moshi, hupasua mti, huchukua asali. Ndege hubaki na nta, ambayo tumbo lake linaweza kuiyeyusha. Padri Mreno João dos Santos aliandika juu ya ndege huyu alipokuwa Sofala mwaka 1588, baada ya kumwona akidonoa mishumaa ya kanisa. Katika utafiti uliochapishwa 1989, Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walipima saa wanazotumia Waborana wa kaskazini mwa Kenya: bila ndege, mrina asali huchukua wastani wa saa 8.9 kupata mzinga; akiongozwa na ndege, saa 3.2. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji, mlio maalumu wa kumwita mlembe huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66.

Malipo, lakini, hayafanani kila mahali. Wayao humwachia ndege sega lake mahali pa wazi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mara nyingi huchoma nta au huifukia, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza hadi mzinga wa pili. Anayewahukumu kwa uchoyo akumbuke kwamba mlembe na Wahadzabe bado wanafanya kazi pamoja baada ya vizazi visivyohesabika, na mkataba wowote unaodumu hivyo una pande mbili zinazopata.

Sasa turudi kwenye theluji, kwa maana meza zile za dirishani zina upungufu ambao wenyeji wa Ulaya wenyewe walichelewa kuuona. Zinamfaa ndege anayebaki. Asiyekula mbegu, anayeishi kwa wadudu na panzi, hakuna mkate utakaomfaa, huyo huondoka. Mbayuwayu huondoka. Korongo mweupe huondoka. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakuwa na hakika wanakwenda wapi, na wapo walioandika kwamba mbayuwayu hujizika katika tope la maziwa hadi jua lirudi. Jibu lilifika mwaka 1822 karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, pale korongo alipopigwa risasi akaonekana amechomwa shingoni na mshale mrefu wa mti wa Afrika. Alikuwa ameruka nao hadi nyumbani. Bado amehifadhiwa Rostock, na mshale wake. Hivyo ushahidi wa kwanza kwamba Afrika ndiyo inayowatunza ndege wa Ulaya wakati wa baridi ulikuwa jaribio la Mwafrika fulani kupata kitoweo.

Baadaye zikaja pete. Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza mwaka 1899 kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Mbayuwayu aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Mwishoni mwa karne zikaja redio za setilaiti: korongo wa Kijerumani aliyeitwa Prinzesschen alifuatiliwa kuanzia 1994 hadi alipofia Afrika Kusini mwaka 2006. Korongo wa mashariki mwa Ulaya huvuka Bosporus, hushuka na Mto Naili, hupita Sudan na kuingia Tanzania mvua zinapoanza. Na pale safari inapokwama, Wazungu wenyewe hujua mlezi yuko wapi. Septemba na Oktoba 1974, baridi ilipowawahi mbayuwayu kaskazini mwa milima ya Alps, watu wa Uswisi na Ujerumani waliwaokota wakiwa hoi, wakawapakia kwenye maboksi, wakawasafirisha kwa treni na ndege kwa maelfu na maelfu hadi kusini mwa milima, wakawaachia waendelee na safari.

Wakifika Rukwa wanakuta nini? Wanakuta nzige, panzi, viwavijeshi, na kumbikumbi wanaotoka ardhini mvua ikikatika. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Hujaa na kupungua, na maji yakirudi nyuma huacha mbuga pana za majani ambazo ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu duniani. Kati ya 1930 na 1944 nzige hao walisambaa karibu nusu nzima ya kusini ya Afrika. Uvamizi huo ulipokwisha, serikali za kikoloni zilitia saini mkataba London mwaka 1949 na kuunda huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Ufipa. Huko alifanya kazi Desmond Vesey-FitzGerald, mwanaikolojia aliyezijua mbuga za Rukwa jani kwa jani, na mwaka 1955 alichapisha makala juu ya ndege kama maadui wa nzige mwekundu. Nzige wa Rukwa, kwa hiyo, alikuwa na wawindaji wake kabla ya kuwa na wapulizaji wake.

Lakini ofisi ya kudhibiti nzige haiwezi kumwandikia korongo ratiba ya kazi. Ndege hula sana makundi yakiwa madogo na yametawanyika. Kundi likishakuwa wingu, matumbo yote ya Rukwa hayalimalizi. Basi zikaja dawa. Miongo ya sumu kali ilifuata, dieldrin mojawapo, na sumu inayoua nzige huingia pia kwa yeyote anayemla nzige aliyekufa. Habari njema ilichelewa hadi 2009, pale Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na shirika la nzige wekundu ambalo siku hizi lina makao Ndola walipopuliza kuvu wa Metarhizium katika maeneo ya Iku-Katavi, mbuga za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, kiasi cha hekta 10,000. Kuvu huyo huwaua nzige na panzi na kumwacha ndege. Kwa wageni wa masika hiyo ilikuwa njia ya wenyeji kupambana na nzige bila kumwekea mgeni sumu kwenye chakula.

Juu kwenye nyanda, wakati huo, meza ilikuwa imeshabadilishwa kimyakimya. Mwaka 1974 una mengi katika historia hii. Ndio mwaka Mkoa wa Rukwa ulipoundwa. Ni miaka ileile ya Operesheni Vijiji, na ndipo serikali ilipoanza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, Sumbawanga sawa na Morogoro, haidhuru umbali. Kwa mkoa ulio mwisho wa barabara hilo lilikuwa jambo kubwa. Mbolea ya chumvichumvi ilikuja kwa ruzuku, mahindi yakapanda mlima, na katika miaka ya 1980 Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne inayoilisha nchi. Ulezi ulibaki wa pombe na wa uji wa wazazi.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Azimio la Musoma liliamua kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, na sheria ya elimu ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Vitabu vya uchumi huandika habari ya bei, na vya elimu huandika habari ya madawati. Sijaona vikikaa meza moja. Ukivikalisha pamoja unaona kilichotokea Ufipa. Mtoto alishuka kwenye dungu akaenda shule, na zao lililochukua nafasi ya ulezi lilikuwa moja ambalo halihitaji mtoto. Gunzi la mahindi limevaa maganda yake. Kwelea hana mdomo wa kulifungua. Kwale na kanga hufukua mbegu wakati wa kupanda, ni kweli, na njiwa huokota zilizoachwa wazi, ila hizo ni siku chache. Mahindi yakishaota mzazi analala.

Hayo mahindi yana adui wake ndani. Dumuzi, aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wakambatiza Scania, humaliza ghala kwa msimu mmoja asipowekewa dawa. Babu aliyezoea kuufungua ulezi wa miaka mitano iliyopita na kuukuta mzima alikuwa na la kusema juu ya maendeleo hayo.

Chini bondeni, Muze, Mtowisa, Ilemba, vita vya ndege havikuisha, kwa sababu huko wanalima mpunga. Kwelea kwelea ana uzito wa gramu 20 hivi na hula kiasi cha gramu 10 za mbegu kwa siku, karibu nusu ya uzito wake mwenyewe. Peke yake si kitu. Milioni moja, na makundi ya milioni moja ni ya kawaida, hula tani 10 kila kutwa. Dawa inayotumika dhidi yao Afrika Mashariki kwa muda mrefu ni fenthion, inayopulizwa kwa ndege ya kilimo juu ya malalo yao jua likizama, na asubuhi mwewe, tai na bundi waliokuja kuokota mizoga hufa pamoja nao. Kondoa watu wana njia ya zamani zaidi: huwanasa kwelea kwa mitego ya vikapu na kuwala. Mtu anayekula mla nafaka amerudisha angalau sehemu ya nafaka yake, na nashangaa kwamba mbinu hiyo haijapewa hata robo ya fedha inayotumika kwenye mafuta ya ndege ya kupulizia.

Ulaya nako chakula cha dirishani kimeanza kubadilisha ndege wenyewe. Ndege mdogo mwenye kofia nyeusi, Sylvia atricapilla, ambaye wa Ujerumani walizoea kwenda Hispania wakati wa baridi, sasa baadhi yao huelekea Uingereza, ambako bustani zina chakula; watafiti walithibitisha mwaka 1992 kwamba mwelekeo huo mpya umo katika damu, unarithiwa. Na baadhi ya korongo wa magharibi hawavuki tena Sahara. Wanabaki Hispania na Ureno wakila kwenye majalala ya miji. Wale wa mashariki, wa njia ya Naili, ndio wanaotuhusu, na hao bado wanakuja.

Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka ndogo, ulezi ukiwemo. Wataalamu walieleza kwamba zinastahimili ukame, zina madini ya chuma na kalisi, hazihitaji mbolea nyingi. Yote sahihi, na Ufipa hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kinachomzuia mkulima wa Laela au Namanyere ni hesabu nyingine. Zamani kijiji kizima kilipanda ulezi, ukaiva kwa wakati mmoja, na ndege wa eneo lote wakagawanyika katika mashamba mia. Kila shamba likapoteza kidogo. Leo akipanda ekari moja katikati ya mahindi ya majirani, ndege wote wanahamia kwake. Watoto wako darasani hadi saa nane au tisa, na kibarua wa kuwinga kwa wiki nne au tano anataka malipo ambayo bei ya debe la ulezi haiyafikii. Wanaoendelea kuulima huelewana kwanza, majirani wanne au watano, wapande wiki moja na mashamba yashikane, na zamu za dungu wazigawane.